Kikanyagio cha Kulia

Siku hizi mafuta ya nyonyo yamekuwa dawa ya nywele. Binti yangu ana kichupa chake bafuni, na kila Jumamosi anajipaka, anafunga kitambaa kichwani, kisha anazunguka nyumba nzima akiacha harufu nyuma yake. Huwa namwomba akakae nje. Anacheka, anadhani ni ukaidi wa mama asiyependa vitu vya vijana. Sijawahi kumweleza kwamba kwangu harufu ile si ya nywele, ni ya injini. Mjomba wangu Masalu aliyatia mafuta hayo kwenye pikipiki ya mbio, na yalipoungua yalitoa moshi mzito, mtamu kidogo, kama mtu anakaanga kitu ambacho hakiliwi. Ukinifikia moshi ule nauona ua wetu wa Igogo, mawe yake makubwa, na turubai la kijani lililofunika kitu ambacho kwa miaka kadhaa niliamini ni baba yangu.

Sura ya baba siikumbuki. Alifariki nikiwa bado sijui kutamka maneno vizuri, kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Misungwi, na kama watoto wengi wa kwetu wakati ule sikupelekwa mazishini. Niliachwa kwa jirani. Baadaye hakuna aliyenikalisha chini akaniambia baba amekufa. Nilipoanza kuuliza, shangazi mmoja aliyekuja kututembelea alinijibu huku akipepeta mchele, bila kuinua macho: "Baba yako aliondoka na pikipiki."

Mtoto hupokea jibu kama alivyopewa. Baba aliondoka na pikipiki. Pikipiki ilikuwa imerudi, ilikuwa uani, imefunikwa. Basi na baba alikuwa amerudi nayo. Alikuwa mle ndani, amenyamaza, na watu wazima walikuwa na sababu zao za kutomtaja. Si ndiyo maana tulikatazwa kuligusa turubai?

Ndani ya nyumba kitu chake kilikuwa kimoja tu: kiatu cha kulia, cheusi, kikubwa, kimezungushiwa gazeti na kusukumwa chini ya kitanda cha mama. Cha kushoto hakikuonekana siku ile ya ajali. Mama akiwa sokoni nilikuwa nakivuta, nakifungua, naingiza mguu wangu. Ulikuwa unapotea wote mpaka juu ya kifundo, na ndani kulikuwa na ubaridi hata wakati wa jua kali.

Ua wetu ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili makubwa kuliko nyumba. Wanaoijua Mwanza wanajua kwamba mawe yale hayakai kimya. Mchana, jua likishika, yanatoa mlio mfupi, *ta*, kama mtu amegonga meza kwa kidole. Kwetu jiwe likilia, baada ya muda kidogo kulikuwa na mlio mwingine, wa chuma, kutoka chini ya turubai. Jiwe linauliza, turubai linajibu. Nilikuwa naacha kucheza, nasimama. Na kuna majira wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi mweusi juu ya maji, wakatua kila mahali. Wakilifunika turubai kwa maelfu, wakitikisa mabawa, lilikuwa linaonekana linapumua.

Dada yangu Nyamizi alinizidi miaka kumi. Viwanda vya samaki vilikuwa vimeanza kuchipuka kando ya ziwa, na mji ulikuwa umefunguka ghafla: mitumba, redio, vipuri, makontena ya vitu vya nje ambavyo wakubwa walisema zamani vilipatikana kwa kibali tu. Nyamizi alipata kazi ya kukata minofu ya sangara. Huko kiwandani alikuwepo fundi wa majokofu, mzungu, ambaye kwao alikuwa akishindana kwenye mbio za pikipiki za kuzunguka uwanja wa vumbi. Aliwaambukiza vijana wa gereji ugonjwa wake. Wakatafuta uwanja, wakaupata Misungwi, nyuma ya kinu cha pamba kilichokuwa kimefungwa. Nyamizi alikwenda mara moja kutazama. Alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akala ugali wake wote, halafu akasema, "Mama, nataka kujifunza."

"Kujifunza nini?"

"Zile mbio. Mzungu amesema hata msichana anaweza. Amesema mimi ni mwepesi, inafaa."

Mama alinyanyuka, akachukua sufuria, akatoka nje kuisugua. Ilikuwa tayari imesuguliwa. Tulimsikia akiisugua muda mrefu sana. Hakusema ndiyo na hakusema hapana, wala siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata. Sasa ndiyo naelewa alikuwa anafanya nini. Nyamizi alikuwa na miaka kumi na tisa na mshahara wake mwenyewe. Mama alijua kwamba akimkatazia atakwenda kupanda pikipiki ya mtu mwingine, iliyofungwa na mtu asiyemjua.

Kwa hiyo Mjomba Masalu ndiye aliyeitwa. Alikuwa mdogo wake mama, fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, mwenye macho mekundu yaliyokuwa yakitoa machozi saa zote kwa sababu ya miaka mingi ya kufanya kazi bila miwani. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akasimama mbele ya turubai, akamgeukia mama.

"Dada, nitoe?"

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko. "Kama ni lazima, toa."

Nilijificha nyuma ya pipa la maji nikafumba macho. Nilisikia kamba zikifunguliwa na turubai likiburutwa. Nilipofumbua niliona pikipiki iliyopinda, yenye kutu, na buibui wanaokimbia. Mtu hakuwepo. Lakini sikuhitimisha kwamba baba hayupo. Nilihitimisha kwamba haonekani, jambo ambalo kwa mtoto ni tofauti kabisa, na ni baya zaidi.

Kwa wiki kadhaa Mjomba alikuwa anakuja jioni kuinyoosha ile pikipiki. Aliiweka juu ya kigoda kirefu cha mbao, katikati ya ua, akang'oa taa, akang'oa breki. Nilimuuliza kwa nini anang'oa breki.

"Mbio hizi hazina breki, Kabula," alisema. "Na kona zote ni za kushoto, mnazunguka tu kama ng'ombe anayefungwa kwenye kigingi. Ukifika kwenye kona, mguu wa kushoto unavalishwa soli ya chuma, unashuka ardhini, unaburuta. Wa kulia ndio unaobaki juu, unabeba mwili mzima. Na pale kwenye kona mwili unakuwa mzito mara mbili."

Mama alikuwa anapita na ndoo. Alisimama. "Mara mbili?"

"Ndivyo anavyosema mzungu."

Mama akaendelea na safari yake ya maji. Mimi nilibaki na maneno yale: mguu mmoja unashuka ardhini, mmoja unabaki juu. Niliwaza kiatu cha chini ya kitanda.

"Kilichobaki sasa ni vikanyagio," Mjomba aliendelea, akinionyesha mashimo mawili pande za injini, pale ambapo vyuma vya kuwekea miguu vinapaswa kufungwa. "Vya mwanzo viling'oka siku ile."

Kwetu "siku ile" ilikuwa siku moja tu. Na hapo ndipo kila kitu kilipojipanga kichwani mwangu. Ndiyo maana baba alikuwa ametulia miaka yote hii! Alikuwa hana pa kuweka miguu. Wakimfungia vikanyagio atapanda, na akipanda ataondoka tena, kwa sababu kazi ya baba ni kuondoka na pikipiki. Na safari hii kwenye kiti atakuwa amekaa dada yangu.

Jumamosi tulikwenda kuvitafuta, Mjomba, Nyamizi na mimi niliyelia mpaka nikachukuliwa. Duka lilikuwa Mirongo, uchochoroni, ni chumba kirefu kisicho na dirisha. Vipuri vya pikipiki zilizokufa vilikuwa vimetundikwa kwa waya toka darini, na ukipita vilikuwa vinagongana juu ya kichwa chako na kuendelea kugongana nyuma yako hata baada ya wewe kusimama. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Mara, Mama Ghati, mjane, mrefu, mwenye sauti kavu.

"Shikamoo," tulisema wote watatu.

"Marahaba. Mnatafuta nini reo?" aliuliza kwa lafudhi ya kwao.

Mjomba alimweleza. Nilitegemea acheke aliposikia ni mbio na kwamba anayepanda ni msichana. Hakucheka. Alimtazama Nyamizi kuanzia kichwani mpaka chini. "Umewahi kupanda?"

"Hapana, mama. Ndiyo naanza."

"Vua viatu."

Alipanga jozi tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na mpira uliooza, akaisukuma pembeni mwenyewe. Ya pili ilikuwa chuma cha zamani, kipana kama kiganja cha mwanaume, chenye meno kama ya msumeno. Ilitoka kwenye pikipiki ya bwana shamba mmoja, alisema, pikipiki iliyotembea mpaka ikachoka lakini vikanyagio havikuchoka. Ya tatu ilikuwa mpya, imetoka kwenye kontena wiki ile, bado iko kwenye plastiki. Ilikuwa myembamba na ilikuwa inang'aa kama vijiko vya harusi.

Alikishika kile cha meno, akakibana kwenye ukingo wa kaunta, akamwambia Nyamizi apande juu ya kigoda na kukikanyaga. "Anayejifunza anataka kipana," alisema. "Mguu wake bado haujui pa kukaa. Chuma ndicho kiutafute mguu."

"Kinauma kidogo," Nyamizi alisema.

"Kiume. Kikiuma maana yake kimekushika." Kisha akaongeza, bila kumlenga mtu yeyote, "Hiki angekipanda hata mwanaume mkubwa namna gani, kingembeba."

Mwanaume mkubwa. Nilitazama upana wa chuma kile nikaona jinsi kiatu cha chini ya kitanda kingekaa juu yake, soli nzima, bila kuzidi. Halafu nikatazama vile vyembamba. Hapo pangeenea mguu wa Nyamizi tu. Mguu wa baba ungeteleza.

"Chukueni vile vinavyong'aa," nilisema.

"Hata mimi vinanivutia," Nyamizi alisema, akicheka.

"Uzuri si kazi yake," Mjomba alijibu, na tayari alikuwa amekiokota kile cha meno. Nikaona kinakwenda kununuliwa. Ndipo nikasema:

"Mjomba, hicho kina ufa."

"Ufa? Wapi?"

"Hapo. Chini ya meno."

Alikisogeza karibu na uso mpaka kikagusa pua. Macho yake yalianza kutiririka. "Mbona sioni?"

"Mimi nauona."

Mama Ghati alikichukua, akakigeuza. "Chuma hiki nimekipiga nyundo mwenyewe. Mtoto, una uhakika?"

"Ndiyo." Sikuwahi kumdanganya mtu mzima kiasi kile. Vyuma vilikuwa vinagongana juu yangu taratibu, na nilikuwa na hakika vinajua.

Mjomba alipangusa macho kwa mkono wa shati. "Macho yake ni mazima kuliko yangu," akasema. "Ufa kwenye chuma unaanza mdogo hivyo hivyo. Tupe hivi vipya, mama." Mama Ghati alivifunga kwenye gazeti, na tulipokuwa tunatoka alinitazama mimi, si wao.

Vilifungwa jioni ile ile. Vilipendeza sana, na nililala vizuri. Kesho yake niliona bora nihakikishe. Kabla ya kwenda kulala nilichota majivu jikoni nikanyunyiza juu ya vikanyagio vyote viwili, kidogo tu, kama unga juu ya chapati. Asubuhi niliamka kabla ya Nyamizi nikakimbia uani. Cha kushoto kilikuwa na majivu yake. Cha kulia kilikuwa kimepanguswa, na kwenye ukingo palikuwa na alama ya ngozi, mistari mistari, ya mguu wa mtu asiyevaa kiatu.

Cha kulia peke yake.

Chini ya pikipiki, kwenye vumbi, palikuwa na matone ya maji. Ilikuwa kiangazi, mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Niliyatazama matone yale yakikauka mbele ya macho yangu, moja moja.

Nilirudia majivu jioni ya pili. Ikawa vilevile: kulia pamepanguswa, kushoto hapajaguswa, maji chini. Nilikwenda kukitazama kile kiatu. Kilikuwa mahali pake, kwenye gazeti lake, kikavu. Basi alikuwa anakuja pekupeku, nikawaza, na mguu wake mkubwa umejifunza kusimama padogo. Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Nilikuwa nimedanganya ili kumzuia, na hakuzuilika. Jumapili ndiyo siku Nyamizi alikuwa anakwenda Misungwi kupanda kwa mara ya kwanza. Usiku nilijifunga kwenye gauni lake kwa pindo, akaniuliza kama naumwa.

Alfajiri ya Jumatano nilisikia springi za pikipiki zikilia. *Nyii. Nyii.* Polepole, kama kitanda cha mgonjwa. Nyamizi alikuwa amelala ubavuni mwangu. Niliinuka nikachungulia kwenye wavu wa dirisha.

Kulikuwa na weupe kidogo tu juu ya mawe. Na juu ya pikipiki palikuwa na mtu. Alisimama kwa mguu mmoja, wa kulia, na wa kushoto ulikuwa unaning'inia hewani. Mkono mmoja umeshika usukani. Na alikuwa mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kikubwa mno, mara tatu ya kichwa cha binadamu, kimekatwa bapa juu. Alikuwa anajiinua na kujishusha, anajiinua na kujishusha, na kila akishuka alisema neno. Nilisikiliza. Alikuwa anasema, "Nyamizi. Nyamizi. Nyamizi."

Nilipiga kelele: "Baba!"

Mpaka leo sijui kipi kilitangulia, sauti yangu au mlio wa chuma. Nilisikia *kach*, kama mfupa wa kuku, na yule mtu akaporomoka upande wa kulia, kichwa kikamtoka, kikapiga jiwe, maji yakamwagika ua mzima. Halafu sauti niliyoijua kuliko sauti zote duniani ikasema, "Mayu wee! Mguu wangu!"

Kichwa kilikuwa ndoo. Ile ndoo kubwa ya mama ya kuchotea maji, imejaa mpaka juu, ameibeba kichwani. Mama alikuwa amesikia kwamba kwenye kona mwili unakuwa mzito mara mbili, na yeye si mtu wa kusahau jambo kama hilo. Kila alfajiri, kabla ya kwenda mwaloni kununua samaki wa biashara yake, alikuwa anapanda juu ya kikanyagio cha kulia na uzito wake na wa ndoo, kujua kama kitambeba binti yake. Asubuhi mbili kilimbeba. Ya tatu kilikatika.

Mguu wake ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Majirani walimpeleka hospitali kwa mkokoteni, Nyamizi akikimbia pembeni amemshika mkono, mimi nyuma yao nikiwa na nguo za kulalia. Alirudi mchana na plasta mpaka gotini. Nyamizi alipiga magoti kando ya kitanda akalia. Alisema ameacha, hataki tena kusikia habari za mbio.

"Nani amesema uache?" mama alimwuliza. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu. "Nimesema kile chuma ni kibaya. Ningekuwa nataka uache ningesema uache."

"Mama, ungekufa."

"Kingekatika Jumapili. Nilitaka kujua, na sasa najua. Mwambieni Masalu atafute kingine."

Mjomba alikuja jioni. Alikaa juu ya pipa akakigeuza kile kipande kilichovunjika. Ndani hakikuwa kama chuma. Kilikuwa na punje punje za kijivu kama biskuti, na katikati palikuwa na tundu la hewa. Kung'aa kulikuwa kwa nje tu. Aliondoka bila kuaga, na kesho yake alirudi na kile cha meno, cha Mama Ghati. Alikipeleka juani. Alikuwa ameazima kioo cha kukuza kwa fundi saa, akakitazama kila upande, muda mrefu, akipangusa macho. Kisha akaniita nyuma ya jiwe.

"Kabula. Ule ufa uliokuwa umeuona. Nionyeshe."

Nilikitazama kile chuma. Nilitazama miguu yangu.

"Hakuna," nilisema.

Nilisubiri kofi. Mjomba hakuwa mtu wa makofi, lakini niliona nastahili, na ningelipokea. Alichuchumaa mbele yangu mpaka nyuso zetu zikalingana.

"Mbona ulisema kuna ufa?"

"Ili baba asipande."

"Baba gani?"

"Baba. Anayekaa kwenye pikipiki."

Mjomba alinitazama, na kwa mara ya kwanza sikujua kama machozi yale ni ya ugonjwa au ni ya kweli. Nilimweleza yote, turubai, mlio wa mawe, kiatu, majivu, maji. Alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu akaenda ndani kwa mama, akafunga mlango, na nikasikia sauti yake ikisema, "Dada, huyu mtoto hajawahi kuonyeshwa kaburi."

Kile cha meno kilifungwa. Hakuna aliyekipanda na ndoo, lakini Mjomba mwenyewe alisimama juu yake, akaruka mara nyingi, na mama akiwa amekaa kwenye kiti na mguu wake mweupe mbele, akamwambia, "Ruka tena."

Nyamizi alianza kujifunza, na baada ya miezi michache, plasta ya mama ikiwa imekwisha kutolewa lakini gongo bado liko kwapani, tulikwenda sote Misungwi kumwona akishindana. Kile kinu kilikuwa mahali pa ajabu. Milango mikubwa ilikuwa wazi, ndani giza, na pamba ya misimu ya nyuma ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye nyaya na kwenye mapaa, ndefu, ya kijivu, kama ndevu. Watu walikuwa wamejaa lakini walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, sijui kwa nini. Injini zilipowashwa jengo zima lilitetemeka, na pamba ikaanza kudondoka. Ilitoka kwenye madirisha yasiyo na vioo, ikaelea juu ya uwanja, ikatua kwenye nywele zetu. Mama hakuipangusa.

Walikuwa wanne. Walipofika kwenye kona ya kwanza wote walilala upande, kushoto, na kwa muda vumbi likawafunika nisimwone mtu. Nilihesabu pumzi. Wakatoka watatu. Halafu akatoka wa nne, ameinama, mguu wa kulia umeshika, wa kushoto unachora mstari ardhini. Kila kona niliuona mguu mzima wa mama ukikandamiza udongo, kwa nguvu. Nyamizi alikuwa wa mwisho, kwa mbali. Lakini alimaliza akiwa juu ya pikipiki, na alipovua kofia alikuwa anacheka kwa namna ambayo sijamwona akicheka tena, hata siku ya harusi yake. Alishindana kama misimu miwili, akashinda mara moja. Kisha mzungu alirudi kwao, kinu kikauzwa, na mambo yale yakaisha.

Jioni ile ya kwanza, watu walipokuwa wanatawanyika, mama alinishika mkono. Nyumbani kwao baba hapakuwa mbali, tulitembea kwenye njia ya ng'ombe, polepole kwa sababu ya gongo lake, mpaka kwenye boma lililozungushiwa minyaa. Nyuma ya boma palikuwa na makaburi matano. Alinionyesha la mwisho kwa ncha ya gongo. Lilikuwa tuta la kawaida, lenye mawe pembeni na msalaba wa chuma ambao, aliniambia, aliuchomelea Mjomba Masalu.

"Huyu ndiye baba yako," alisema. "Amelala hapa. Nilipaswa kukuleta. Nilikuwa naona wewe bado mdogo, halafu nikaona wewe ni mkubwa, umekwisha kujua."

Nilitazama tuta. Lilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea. "Yuko hapa siku zote?"

"Siku zote."

"Hata ile siku Mjomba alipotoa turubai?"

"Hata siku ile."

Upepo ulikuwa umekatika. Kule kinuni mtu alikuwa bado anapiga injini, inawaka, inazima. Nilimwuliza swali lililokuwa limebaki.

"Basi aliyekuwa analijibu jiwe kule uani alikuwa nani?"

Mama alijiegemeza kwenye gongo, akajishusha taratibu mpaka akakaa chini, kwenye mchanga, kando ya tuta, akaunyoosha mguu wake.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hata mimi nilikuwa namsikia."

Nikakaa karibu naye. Tulikaa hapo mpaka Nyamizi alipokuja kutuita.